Kabla uchukue bukini wa watu, angalia kama dimbwi lako lina ngazi

Tangu nianze kuweka picha za bata bukini wangu naulizwa kila wiki, batamaji naeza toa wapi, wale weupe wa shingo ndefu wa kadi za harusi? Hao si ndege wa huku kwetu. Huko Uingereza ndio wako wengi, na wale wameumia bawa hawawezi ruka tena hutafutiwa mtu ako na dimbwi lake wakae hapo. Mimi nilipata bukini. 2020, maji ya Naivasha yalipopanda, lodge moja ikabaki karibu bila uwanja, wakaniuliza kama naeza chukua wanne, nikasema leteni, ju maji ninayo na bata anataka nini kingine?

Dimbwi langu hapa Bahati ni la kuvuna maji ya mvua, limetandikwa dam laina, ile plastiki nzito ya kuzuia maji yasipotee. Asubuhi ya kwanza natoka na kikombe cha chai napata mmoja bado ako ndani ya maji, anazunguka kando kando, anajaribu kupanda anateleza, anajaribu tena anateleza, mpaka miguu imekataa. Usiku mzima alikuwa huko. Laina ikishashika ule utelezi wa kijani hakuna kitu kinatoka humo, na nyinyi mnajua hata watu wamezama kwa haya madimbwi. Siku hiyo hiyo nikajaza magunia udongo, nikayapanga kona moja kama ngazi toka ndani ya maji hadi juu kwa nyasi. Hiyo ndio kazi ya kufanya kabla ndege hajafika, mimi niliifanya kinyume.

Halafu mbwa. Nilidhani bukini na ule ukali wake atajitetea, wacha, mbwa wawili wakapita usiku tukabaki na watatu. Saa hii wanalala kwa banda na mlango unafungwa, nawaita jioni na mahindi kidogo kwa sufuria, wakisikia tu hiyo sufuria wanakuja mbio.

Kuhusu chakula, usiwape mkate, tafadhali. Mmoja wa hawa alikuja na bawa limegeukia nje kama mlango umetoka bawaba, wageni walikuwa wanamrushia mkate tangu akiwa kifaranga, na akishakua hivyo hairudi. Bukini anakula nyasi, nyasi fupi fupi, hiyo ya kikuyu inatosha. Ama anakula sukuma ya jirani. Mzee wa hapo chini alikuja akasimama kwa geti, "Mama, hizo bata zako zimemaliza sukuma, zimeniachia miti." Nililipa, na wikendi hiyo nikaweka waya.

Kama una tilapia humo, bukini wachache ni sawa, kinyesi chao ni mbolea kwa maji. Wakizidi maji yanakuwa kijani kabisa na alfajiri unaona samaki wako juu wanahema, hewa imeisha chini. Na usichukue mmoja peke yake hata kama anakaa mpole, atalia mchana kutwa na majirani watakuchukia kabla ya wewe kumzoea. Chukua wawili kwenda juu, na ujue bukini anaeza fikisha miaka 20, kwa hivyo fikiria nani atabaki nao ukihama.

Kitu kingine, kijana aliniletea bukini wa Misri, wale wa kahawia wa ziwani, uzi wa kuvulia samaki umemkaza mguu. Huyo ni wa pori, sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumfuga bila kibali, nikapigia KWS, wale wa serikali wa wanyamapori. Uchungu nilikuwa nao lakini nilipiga.

Wakikupigia leo kukupea ndege, usiseme ndio kwa simu. Shuka hadi kwa dimbwi ukiwa na gambuti, mwambie mtu akushike mkono, uweke mguu mmoja kwa hiyo laina.