Ukiwachapia Wanasiasa Fulana, Usichape Kaulimbiu Mapema

Nachapa fulana, kofia na mabango hapa Mwanza mjini, si mbali na Makoroboi. Wateja wangu wakubwa ni wanasiasa, na wa vyama vyote. Fulana za kijani za CCM na kombati za khaki za Chadema zinakauka kwenye kamba moja. Vijana wanaoanza kazi hii, pamoja na makada wachanga, huniuliza waishi vipi na wakubwa utawala unapobadilika. Huwaambia wasiwaonee huruma. Wakubwa watavuka. Wewe ndiye wa kuhurumiwa.

Rais Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Tarehe 24 mwili wake ukaagwa uwanja wa CCM Kirumba, na wiki ile tulichapa picha yake usiku na mchana. Kabla mwaka haujaisha, wateja walewale walikuwa dukani wakitaka "Kazi Iendelee", kaulimbiu ya Rais Samia aliyempokea. Mmoja wao aliwahi kuniandikisha "Hapa Kazi Tu" ya Magufuli hadi kwenye kalamu. Safari hii aliagiza rangi ileile, herufi zilezile, nibadili maneno tu. Wala hakunong'ona. Nikamtoza bei ya skrini mpya, akalipa.

Wengine huita huo unafiki. Mimi naona ni hesabu. Kiongozi anayeingia anakuta wajumbe wana wenyewe, mafaili yana wanaoyajua, na kila kata ina mtu anayejua nani anamsikiliza nani. Hawezi kuwafukuza wote Jumatatu akaanza na wapya Jumanne. Kwa hiyo anawapunguza kidogo kidogo, mkeka mmoja wa majina ya wateule baada ya mwingine, na mjanja hutumia muda huo kujifunza maneno mapya.

Angalieni jimbo la Nyamagana, hapa mjini. Mwaka 2010 Lawrence Masha, waziri wa mambo ya ndani, aliangushwa na Ezekia Wenje wa Chadema. Mwaka 2015 Masha naye akahamia Chadema, na 2017 akarudi CCM, kipindi kile kila anayehamia huko alisema anaunga mkono juhudi za Magufuli. Oktoba 2025 Wenje akajiunga CCM, huko Chato. Aliyeshindwa na aliyeshinda wote wako chama kimoja, na wapo watu Mabatini walionuniana kwa ajili yao.

Wala hili halikuanza na vyama vingi. Paul Bomani aliyekuzwa na ushirika wa pamba wa kanda hii alikuwa waziri wa fedha alipopoteza kiti Mwanza mwaka 1965, na Nyerere akambakiza serikalini. Baadaye akawa balozi Marekani. Na watemi je? Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Septemba 2021, pale Kisesa wilayani Magu, machifu walimsimika Rais Samia kuwa mkuu wao, wakampa jina la Hangaya. Miaka 58 bila mamlaka ya serikali, na bado wanajua pa kusimama mgeni mkubwa akija. Mimi nawavulia kofia.

Sasa mambo ya dukani. Stoo yako iwe na fulana tupu, nyingi unavyoweza. Maneno yachapwe siku ya oda. Kaulimbiu ikishapitwa haiuziki hata kwa bei ya matambara, maana hakuna anayetaka kuonekana nayo. Pesa nusu mbele, nusu nyingine kabla mzigo haujatoka mlangoni. Na ukiambiwa "subiri uteuzi utoke", jua unaombwa kumkopesha mtu ambaye hata yeye hajui kesho yake.

Halafu jifunze kusoma oda. Mkubwa akiwa na uhakika, anaweka sura yake pembeni ya sura ya Rais. Akiingiwa na wasiwasi, Rais anatoweka kwenye bango na chama kinatoweka pia. Unaletewa oda ya jezi za mashindano ya mpira ya kata, zenye jina lake peke yake mgongoni. Mpira hauna utawala. Huko ndiko wengi hujificha mpaka upepo utulie, kisha utasikia wametia nia. Ukiona jezi zimezidi, kaza masharti ya malipo.

La mwisho ni la makada wachanga, hasa wanaofurahia kuitwa chawa, yaani wapambe wa kumsifia mkubwa. Mwaka 2015 mafundi wangu wawili waligombana hapa kwenye meza ya kukatia, mmoja wa Lowassa, aliyehama CCM akagombea urais akiungwa mkono na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, mwenzake wa CCM. Walirushiana maneno ya wazazi. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, akapokelewa kwa makofi. Wale wawili wameacha kazi kwangu kila mmoja kwa wakati wake, na hawajasalimiana hadi leo. Kwa hiyo kwenye status yako shangilia mtu wako utakavyo, lakini matusi kwa mtu wa upande wa pili yaache. Huenda ndiye atakayesaini barua yako ya kazi.

Na kama kuna mheshimiwa unamdai tangu kampeni, mpigie wiki hii, kabla mkeka haujatoka. Akiteuliwa, simu itapokelewa na msaidizi. Akiachwa, haitapokelewa na mtu.