Eagles 2023: 10-1, halafu wakaporomoka

Unauliza ilikuwaje Philadelphia Eagles, timu ya mpira wa Kimarekani ya ligi ya NFL, waanze 10-1 (ushindi 10, kipigo 1) kisha wapoteze mechi 5 kati ya 6 za mwisho. Dalili zilikuwepo mapema, ushindi ulizificha tu. Baada ya Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya Februari 2023 waliondokewa na makocha wawili waliokuwa wakipanga mashambulizi na ulinzi: Shane Steichen akaenda timu ya Colts, Jonathan Gannon akaenda timu ya Cardinals (na huyohuyo akaja kuwachapa Eagles 35-31 hukohuko Philadelphia, Desemba 31). Halafu Desemba hiyohiyo Sean Desai akanyang'anywa kazi ya kupanga ulinzi, akapewa Matt Patricia. Hapo ndipo walipojimaliza, maana mfumo haubadilishwi msimu unaisha.

Mashambulizi nayo yaliuawa na blitzi, yaani walinzi wa ziada kumvamia mrusha mpira. Wapinzani wakituma watu 6 na wewe una wazuiaji 5, lazima awepo mpokeaji wa kukata njia fupi papo hapo. Wapokeaji wa Eagles mara nyingi walikimbia njia ndefu. Tazama mechi ya mtoano dhidi ya Tampa Bay, 32-9: kwenye jaribio la tatu (timu hupewa majaribio manne kusogea yadi 10) walifanikiwa mara 0 kati ya 9, na mrusha mpira wao Jalen Hurts, akiwa amebanwa ndani ya eneo lake la mwisho, akautupa mpira pasipo na mpokeaji. Hilo ni kosa, na likifanyika ndani ya eneo hilo ni pointi 2 za bure kwa wapinzani, yaani Buccaneers wa Tampa Bay.