Ukitaka gia nyepesi za kupandia mlima, anza kwa kuhesabu meno ya mbele

Umeshafika gia nyepesi kuliko zote ulizo nazo, umesimama juu ya pedali, magoti yanauma na kilele bado kiko mbali. Wengi hapo hujilaumu kwamba hawana pumzi. Mimi nasema hesabu kwanza meno ya sproketi za mbele, zile duara zenye meno zilizo kwenye pedali. Baiskeli nyingi za barabarani za miaka ya nyuma zilitoka na meno 53 kwenye sproketi kubwa na 39 kwenye ndogo, vipimo vya watu wa mashindano. Nimeendesha zote mbili, hiyo ya 53 na 39 na kranki (mikono ya pedali pamoja na sproketi zake) ya 46 na 30 niliyoifunga baadaye, na kwa mtu asiyeshindana na yeyote ningeshauri ya pili bila kusita.

Chukua meno ya mbele, gawanya kwa ya nyuma. Meno 39 kwa 28 yanatoa 1.39, yaani ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara moja na zaidi ya theluthi. Meno 30 kwa 28 yanatoa 1.07. Gurudumu la baiskeli ya barabarani lina mzingo wa takriban mita 2.1, kwa hiyo ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ile ya 39 inakudai kilomita 10.5 kwa saa na ile ya 30 inaridhika na 8.1. Kwenye mwinuko mkali, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafika juu ukiwa umekaa kwenye kiti au utashuka usukume.

Na kasi je? Meno 46 mbele na 11 nyuma, ukizungusha mara 90 kwa dakika, yanakupeleka kilomita 47 kwa saa. Nani kati yetu anakwenda hivyo kwenye tambarare? Kwenye mteremko mrefu nitaacha kukanyaga mapema kidogo, baiskeli ishuke yenyewe. Sijawahi kujuta kuiacha ile 53.

Swali ninaloulizwa sana ni kwa nini usibadilishe sproketi ndogo peke yake, ukaiacha kranki mahali pake. Jibu liko kwenye bolti zinazoishika. Kranki nyingi za zamani za 53 na 39 zina bolti tano zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 130, na duara hilo halipokei sproketi yenye meno chini ya 38. Kwenye duara la milimita 110 unashuka mpaka 34, au 33 ukibahatika kuipata. Ukitaka 30, lazima kranki nzima itoke. Kujua ya kwako, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya jirani yake: milimita 76.4 ni duara la 130, milimita 64.7 ni la 110.

Kabla ya kutoa pesa kwa kranki, tazama nyuma. Kama gia kubwa ya nyuma ni ya meno 25, huenda kaseti (seti ya gia za nyuma) yenye gia kubwa ya meno 28 au 32 ikakutosha, na ni kazi rahisi kuliko hii, mradi kibadilisha gia cha nyuma kinaweza kuifikia. Ningejaribu hilo kwanza.

Ukishaamua kranki, angalia ekseli yake, yaani mhimili unaopita kwenye fremu na kuunganisha mikono miwili ya pedali. Kranki ya ekseli yenye ncha za mraba inataka ekseli ya urefu wake. Ikiwa fupi, sproketi ndogo inakwaruza fremu. Ikiwa ndefu, cheni inakaa upande, inapiga kelele na kulika upesi. Kwa baiskeli ya barabarani yenye sproketi mbili, kipimo cha kawaida ni milimita 43.5 kutoka katikati ya fremu hadi katikati ya sproketi hizo mbili. Usinunue kranki kabla hujajua inataka ekseli gani.

Kufungua kunahitaji pula ya kranki, kifaa cha kuivuta itoke kwenye ekseli. Nyundo iache kabisa, inaumiza beringi. Ingiza pula kwenye nyuzi za skrubu za kranki mpaka mwisho kabla ya kuikaza, kwa sababu nyuzi za kranki zikishavunjika, kuitoa ni balaa. Ukihamisha pedali, ya kushoto inafunguliwa kinyume na ulivyozoea.

Sehemu ambayo watu huisahau ni kibadilisha gia cha mbele. Sproketi imekuwa ndogo, basi nacho lazima kishuke, mpaka ubao wake wa nje uwe milimita 1 hadi 3 juu ya meno. Kama kimefungwa kwa kibano kinachozunguka bomba la fremu, utakishusha bila shida. Kama kimeshikwa kwenye kipande kilichochomelewa, hakikisha mapema kwamba nafasi ya kushuka ipo, na kwamba mkia wake hautagusa bomba la chini linaloelekea gurudumu la nyuma.

Cheni nayo itakuwa ndefu. Kutoka 53 hadi 46, meno saba yamepungua, na cheni hushika karibu nusu ya sproketi, kwa hiyo kuna vipande vitatu hivi vya kuondoa. Vipande hukatwa viwili viwili. Mimi hukata viwili, kisha naweka sproketi ndogo mbele na gia ndogo nyuma kuona kama cheni inaning'inia.

Bolti za kranki ya mraba zikaze kwa karibu Nm 40 (newtonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), uendeshe safari fupi, kisha uzikaze tena siku hiyo hiyo. Mkono wa kranki ukicheza kwenye ekseli hata kidogo, shimo lake la alumini linalika na halikazi tena.