Msinunue mashine za presha kabla hamjahesabu vidonge

Mashine hizo msizinunue. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, dada, na mara zote mbili nimekwama palepale: kikundi chenu cha Nyakach kina shilingi 180,000, mnataka kununua mashine kumi za presha za kufunga kwenye kifundo cha mkono, muwaite watu siku ya soko la Sondu, mpime kila atakayepita, kisha wenye shinikizo la juu la damu “waelekezwe zahanati”. Umeuliza mashine ipi ni bora, vijana wafunzwe kwa siku ngapi, kikundi kiandikishwe wapi, na kama inafaa kuongeza somo la mapishi ya chumvi kidogo. Hukuuliza zahanati ina vidonge vingapi kabatini. Sisi pia hatukuuliza, na kutouliza huko kulitugharimu shilingi 146,000, heshima yetu kijijini, na jambo jingine ambalo nitalifikia nikishapata nguvu ya kuliandika.

Ilikuwa mwaka 2018, upande wa Luanda, kaunti ya Vihiga. Tulikuwa wanachama ishirini na watatu wa chama cha kuweka akiba, mimi nikiwa katibu. Krismasi iliyotangulia tulikuwa tumezika wanaume watatu wa mteremko mmoja, wote chini ya miaka sitini, na katika matanga yote matatu hadithi ilikuwa ileile: aliamka mzima, akanywa chai, akaanguka. Tukakubaliana kwamba fedha za mwaka huo tusizigawane, zitumike kwa jambo la kuwafaa watu wote.

Hapo ndipo alipotufikia mtaalamu. Sitamtaja yeye wala shirika lililomtuma, ingawa kuna siku huwa natamani sana. Alikuja na kompyuta yake, akatundika shuka jeupe ukutani, akatuambia kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hayo yalikuwa kweli, yalitokana na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, na ukweli huo ndio uliotufanya tuimeze sentensi iliyofuata bila kuitafuna: “Ninyi pimeni tu, mfumo utawapokea.” Mfumo! Kwa namna alivyolitamka neno hilo ungedhani ni shangazi yetu anayetungojea jikoni na sufuria ya uji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja na wenyeji ndio tukapanda presha. Alitupendekezea hata duka la kununulia mashine, na ilituchukua mwaka mzima kugundua kwamba duka hilo lilikuwa likimpa chake kwa kila mashine iliyotoka.

Hesabu naikumbuka kwa kichwa kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika. Mashine kumi na mbili za kifundo cha mkono kwa 6,500 kila moja, jumla 78,000. Fulana sitini za manjano, 27,000. Hema na viti, 18,000. Mandazi na soda, 11,000. “Uwezeshaji” wa mtaalamu, 12,000. Tafuta humo kidonge hata kimoja. Fulana ndizo zilizodumu kuliko kila kitu: moja mpaka leo imevaliwa na sanamu ya kufukuzia ndege katika mahindi ya jirani yangu, na nadhani huyo ndiye mwanachama pekee ambaye presha yake haijapanda hata siku moja.

Siku yenyewe ilifana, na kufana huko ndiko kulikotuponza. Watu walipanda mlima kwa miguu, wakapiga foleni juani, wakanywa chai ya rangi iliyokolea, kisha wakaketi kwenye benchi lisilo na egemeo, wakiongea na jirani, mkono umelazwa mapajani, huku kijana wetu aliyefunzwa kwa saa moja na nusu akibonyeza kitufe. Tulipima watu 312 kabla ya jua kutua. Tuliandika 131 kuwa “juu”. Tulishangilia, nakuambia kweli, tulishangilia idadi hiyo kana kwamba ni kura, tukampa kila mmoja kipande cha karatasi chenye muhuri wa kikundi na kumwambia aende zahanati Jumatatu.

Jumatatu nilikwenda nami, nikiwa na daftari kwapani, nikitarajia kupongezwa. Muuguzi alikuwa peke yake, ndiyo siku ya chanjo ya watoto, na nje kulikuwa na watu wetu zaidi ya arobaini wameshika vikaratasi. Hakunigombeza. Alinivuta ndani, akafungua kabati, akatoa amlodipini, yaani dawa ya presha, yote aliyokuwa nayo, akazipanga zile karatasi za vidonge kumi kumi juu ya meza moja moja, kama mtu anayepanga karata. Zilikuwa ishirini na saba. Mgonjwa mmoja humeza kidonge kimoja kwa siku, kwa hiyo mbele yetu kulikuwa na dawa ya watu tisa kwa mwezi mmoja, na katika rejista yake tayari alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja. Kisha akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko tusi: “Katibu, mmeniletea wagonjwa au mmeniletea lawama?”

Siku hiyo ndipo alinieleza jambo ambalo mtaalamu wa 12,000 hakulijua au hakujali kulisema. Zahanati haipati dawa kwa kuwa watu ni wagonjwa. Inapata dawa kwa kuwa rejista inaonyesha zilizotumika kipindi kilichopita. Oda hupitia kaunti kwenda KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, huandikwa kabla, na kwa kawaida huwa ya miezi mitatu. Ukimmwagia muuguzi watu 131 kwa wiki moja, hakuna oda iliyowaona wakija. Ukimpelekea ishirini au thelathini kwa utaratibu, majina yakaingia rejistani na matumizi yakaonekana, oda inayofuata ina msingi wa kuongezwa. Tungempelekea sanduku la soda kabla ya kukodi hema, angetueleza haya yote bure.

Watu walikwenda zahanati mara ya kwanza, wakaenda mara ya pili, wengine wakalipa bodaboda shilingi mia kwenda na mia kurudi mara tatu, kisha wakachoka. Waliochoka hawakunyamaza. Tuliitwa “kamati ya kutangaza vifo”. Wauza mizizi wa sokoni walivuna wiki hizo kuliko kanisa siku ya mavuno. Na mtu aliyekwenda mara tatu akarudi mikono mitupu ni mgumu kumrudisha kuliko yule ambaye hakuwahi kupimwa kabisa, kwa sababu huyu wa pili hajui, ilhali yule wa kwanza ameamua.

Uchungu ukaongezeka muuguzi alipoanza kuwapima upya taratibu, mgonjwa ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda wa mkono wa juu, mara mbili, na tena siku nyingine. Karibu nusu ya “juu” zetu zikashuka chini ya 140 kwa 90, mpaka ambapo presha huanza kuhesabiwa kuwa ya juu. Mashine ya kifundo huwa sahihi tu kifundo kikiwa usawa wa moyo; kila sentimita kumi chini ya hapo huongeza kipimo kwa takriban milimita nane za zebaki, na mapaja ya mtu aliyeketi yako chini kuliko hizo kumi. Kwa maneno mengine tuliwatia hofu ya kifo watu ambao ugonjwa wao ulikuwa mlima, chai kali na benchi letu.

Senje yangu, yaani shangazi yangu, hakuwa miongoni mwa hao. Yeye alikuwa na presha ya kweli, 176 kwa 104 kwa mashine yetu na 168 kwa 100 kwa muuguzi. Alikwenda zahanati mara mbili, akakosa. Akauza kuku wawili, akanunua dawa ya mwezi mmoja duka la dawa, akaimeza yote, akajisikia vizuri, akaacha. Hakuna aliyemwambia kwamba presha haiumi, kwamba kujisikia vizuri si ishara ya kupona, na kwamba dawa hiyo haiachwi siku kopo likiisha. Aliyepaswa kumwambia nilikuwa mimi, maana nilikula kwake Jumapili mbili katika mwezi huo. Julai 2019 alipata kiharusi cha upande wa kulia na sauti ikaenda. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kwetu. Siku hizi hupiga mdundo kwa mkono wa kushoto kwenye kiti, na wanakwaya wamejifunza kumsubiri.

Sisemi kwamba ni sisi tuliompa kiharusi. Nasema tulimpa namba tukaondoka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka msimamizi wa jukwaa anifunge mdomo: usimpime mtu ambaye hujui kidonge chake cha mwezi wa tatu wa matibabu kitatoka wapi. Mwezi wa kwanza kila mtu hujitahidi. Wa pili anauza kuku. Wa tatu ndio unaoua.

Tulianza upya mwaka 2021, bila hema. Tulikwenda kwa muuguzi na kamati ya zahanati, tukauliza wanaweza kubeba wagonjwa wangapi wapya, wakasema thelathini, tukaanza na thelathini, tena wale waliokwisha kuthibitishwa. Chama kilinunua akiba ya dawa ya miezi mitatu kwa orodha aliyoiandika muuguzi, ikakaa zahanati chini ya ufunguo wake na rejista yake, kwa sababu chama hakina ruhusa ya kuweka wala kuuza dawa na msithubutu kujaribu. Kila mgonjwa huweka shilingi 150 kwa mwezi. Dawa za kaunti zikiwepo hutumika hizo na mfuko hupumzika. Zikikatika, mfuko hufanya kazi na fedha zinazorudi hununua nyingine. Wazo si letu. AMPATH, mpango wa afya wenye makao Eldoret, imeendesha maduka ya dawa ya mzunguko kwa mtindo huo hapa magharibi, na pia imejaribu kuunganisha vikundi vya akiba na kliniki ya presha katika mkutano mmoja. Sisi tuliiga kwa kipimo chetu. Alhamisi ya pili ya mwezi tunaketi, akiba kwanza, mikopo ya pili, kupimwa kwa tatu, na mpangilio huo una sababu: mwanamume wa kwetu hatakuja kupimwa presha, lakini kwa ajili ya mkopo atakuja hata akichechemea. Leo tuko sitini na wanne, na muuguzi haogopi tena kuniona nikija.

Kuhusu mashine, basi, mnahitaji mbili tu, za mkono wa juu, zenye mikanda ya saizi mbili, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu bila sababu. Huenda msihitaji hata hizo: tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya presha na ya kupimia sukari, na bila shaka mmoja wao anaishi karibu nanyi. Mtafuteni kabla ya kutafuta duka. Vijana wafunzwe na muuguzi mpaka aridhike yeye, si mpaka siku ziishe. Na mkikuta mtu ana 180 kwa 120 au zaidi huku kifua kinambana, mkono umelegea au mdomo umekwenda upande, msimpime tena kwa udadisi. Hiyo si kazi ya kikundi, ni kazi ya gari, saa hiyohiyo.

Mapishi yanaweza kungoja. Shirika la Afya Duniani husema chumvi isifike gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na kwa kuwa ugali wetu hatuutii chumvi, jueni kwamba vita viko kwenye mboga, kwenye mchuzi na kwenye vile viungo vya pakiti. Lakini somo hilo halitamwokoa mtu aliyeambiwa ana 176 na akakosa dawa.

Jumatatu nenda zahanati yenu wewe na mweka hazina, asubuhi kabla foleni haijaanza. Usiende na barua wala fulana. Muulize muuguzi karatasi ngapi za amlodipini ziko kabatini leo, wagonjwa wangapi wako rejistani, na oda inayofuata inaandikwa lini. Kisha rudi hapa utuandikie hizo namba tatu. Za mashine tutazungumza baadaye.