Maswali ya Jikoni: Kande za Ilula na ulanzi wa kwenye basi

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi mtoto wa Ilula, kule Iringa, ila maisha yamenileta Dar, Kimara huku. Kila nikipika kande hazitoki kama za mama, maharage yanabaki magumu hata nichemshe mchana kutwa, nimejaribu kuweka nazi na royco ndo zimeharibika kabisa. Mama alikuwa anaweka nini jamani, kuna kiungo alituficha?

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene! Kwanza nazi ya nini, Ilula uliona mnazi wapi? Mama yako hakuficha kiungo chochote, alikuwa na maharage mapya na maji mazuri, basi. Hayo unayonunua huko huenda yameshakaa stoo miezi na miezi, na maharage yakikaa sana kwenye joto na unyevu yanakuwa mabishi, hata uloweke usiku kucha yanaiva shingo upande. Halafu jiangalie maji, kama unatumia ya kisima yale ya chumvichumvi yana chokaa ndani, na chokaa inakaza ganda la maharage. Pika na maji ya mvua siku moja uone tofauti.

Na hapa kuna kitu kinanichekesha, maana Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 hivi wakati Dar ni 100 kamili, yaani kwa haki we ndo ulitakiwa uivishe haraka kuliko mama! Yeye alilazimika kubandika mapema, chungu kinakaa kwenye mafiga na moto mdogo wa kuni mpaka jioni, na huko kukaa ndo kulileta ule uji mzito unaoshikana na mahindi. We na gesi yako unakimbilia kuzima, unaogopa mtungi utaisha, si ndio?

Sa fanya hivi. Tafuta mahindi yaliyokobolewa na maharage ya msimu huu, kablanketi ukiyapata ni mazuri sana. Loweka vyote usiku, kila kimoja na chombo chake. Tanguliza mahindi, yakianza kulainika ndo uweke maharage. Chumvi mwishoni, na nyanya usizitie kabla maharage hayajaiva maana ule uchachu nao unayagomesha (najua we wa Ilula, kwenye mashamba ya nyanya, ukiziona mkono unawasha, vumilia). Magadi kidogo tu ya kushika na ncha za vidole, ukizidisha utakula sabuni. Vikiiva kaanga kitunguu na mafuta ya alizeti, miminia, punguza moto uache zitokote taratibu. Na usizimalize siku hiyohiyo, kande ni kiporo cha asubuhi na chai ya rangi, hapo hata mi nakuja.

SWALI: Shangazi nipo Morogoro, nilimwagiza mtu ulanzi kutoka Njombe akaweka kwenye dumu, umefika mkali kama gongo na dumu limevimba, basi zima linanuka! Nataka ule mtamu tuliokuwa tunapewa watoto.

JIBU: Hahaa, poleni abiria! Ulanzi mwanangu haungojagi mtu. Ni maji ya mwanzi mchanga, unakatwa ncha asubuhi na jioni wakati wa mvua yakawa yanadondokea kwenye kikombe cha mwanzi, na yanaanza kuchachuka hapohapo yenyewe, hakuna anayeweka hamira. Ule mtamu ni wa kugemwa leo na kunywewa leo. Ukiufungia kwenye dumu unaendelea kutoa gesi njia nzima, shukuru halikupasuka hapo Mikumi. Ombeni likizo ya masika mwende Njombe wenyewe, na uwahi asubuhi, maana ikifika jioni wazee hawaachi kitu.