Kabla hujanunua kadi ya sauti ya zamani

Upande wa Kongowea yupo muuza vyuma chakavu ambaye huniwekea kadi za kompyuta ndani ya gunia la mchele. Kwake yeye zote ni "bodi", na bodi huuzwa kwa kilo. Nikifika huketi naye mkekani, tunamwaga gunia, naanza kuzichambua moja moja. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani na tatu, nina hakika zote ni za sauti, yaani za kuipa kompyuta muziki na milio, kwa kuwa zote zilikuwa na lile tundu pana la pini 15 mgongoni. Moja ililia. Mbili zilikuwa kadi za mtandao.

Tangu hapo zimenipitia mikononi kadi zaidi ya 40, na vijana wanaofufua kompyuta za wazazi wao ili wacheze michezo ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, huniuliza swali lilelile: ninunue Sound Blaster gani? Swali hilo linaanza na jina, lile la kadi za sauti za kampuni ya Creative, na kuanza na jina ndiko kunakowafanya watu wauziwe mbuzi ndani ya gunia. Mimi huanza na chipu. Ukijua kusoma chipu, hata kadi isiyo na jina, isiyo na boksi wala karatasi, itakwambia yenyewe ni nani.

Lakini kwanza uhakikishe ni kadi ya sauti. Lile tundu la pini 15 ni la joistiki, na pini zake ziko safu mbili, 8 na 7. Kadi za mtandao za miaka ile zina tundu la umbo hilohilo, ila lake lina kibati chembamba kinachoteleza cha kufungia waya, na mara nyingi pembeni pana kichwa cha mviringo kama cha waya wa antena. Kadi ya sauti itakuwa na matundu ya hedifoni, matatu au manne, yamejipanga mstari mmoja. Ukiona matundu ya hedifoni lakini pia tundu la waya wa simu, hiyo ni modemu. Irudishe guniani.

Kisha tazama meno yake, ile sehemu inayochomekwa kwenye sloti ya kompyuta. Yako ya aina mbili, ISA ya zamani na PCI iliyoifuata. Meno ya ISA ni mapana, unayahesabu kwa macho. Ya PCI ni membamba na yamebanana. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta, sloti ya ISA ni ndefu na kwa kawaida nyeusi, ya PCI ni fupi na nyeupe. Kwa michezo ya DOS tafuta ISA, na tafuta kompyuta yenye sloti hiyo, yaani kuanzia zile zenye prosesa ya 386 hadi baadhi ya Pentium III. Michezo ile iliandikwa kuzungumza na kadi ana kwa ana, kwa anwani inayojulikana na kwa njia ya DMA, ya kupitisha data bila kuishughulisha prosesa, iliyomo kwenye ISA. Kadi ya PCI haina njia hiyo, kwa hiyo huiigiza kwa ujanja wa programu: mchezo huu utaimba, ule utakaa kimya. Kama huna budi kutumia PCI, tafuta yenye Yamaha YMF724 au YMF744, maana ndani yake mna mtambo halisi wa muziki wa Yamaha.

Hapo kwenye Yamaha ndipo penyewe. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ilitoa kadi ya muziki iliyojengwa juu ya chipu ya Yamaha inayoitwa YM3812. Wengi huiita OPL2. Chipu hiyo hailii kwa kurekodi. Inaunda sauti papo hapo kwa kutikisa wimbi moja kwa wimbi jingine, na inaweza kutoa sauti 9 kwa pamoja. Mwaka 1989 Creative ya Singapuri ikaja na Sound Blaster. Iliweka chipu ileile ya Yamaha, ikaongeza uwezo wa kucheza sauti zilizorekodiwa, kama vile mlio wa bunduki au mtu kusema, na tundu la joistiki. Ndiyo sababu mchezo ulioandikiwa AdLib unaimba vizuri juu ya Sound Blaster. Baadaye ikaja YMF262, yaani OPL3, yenye sauti 18 na stereo.

Sasa chukua kadi yako, ifute vumbi, uiinamishe kwenye mwanga. Ukisoma YM3812, na jirani yake kuna kichipu kidogo cha YM3014, umepata OPL2. Ukisoma YMF262, na jirani yake YAC512, umepata OPL3. Ukisoma YMF718 au YMF719, hizo ni chipu za baadaye zilizobeba OPL3 halisi na kila kitu kingine ndani ya mwili mmoja. Kadi za Creative huwa na namba yake inayoanza na CT, imechapwa kwenye ubao wenyewe: CT1350 ni Sound Blaster 2.0, CT1600 ni Sound Blaster Pro 2, CT1740 ni Sound Blaster 16 ya mwanzo, CT2760 ni Sound Blaster AWE32. Kama hakuna lolote linalosomeka, tafuta namba ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, nyuma ya ubao. Iandike kama ilivyo kwenye intaneti, na mara nyingi mtengenezaji atajitokeza.

Kwa nini nang'ang'ania chipu halisi? Ami yangu alipiga kinanda cha Yamaha kwenye harusi za Kibokoni miaka mingi, na vinanda vingi vya Yamaha vya wakati ule viliunda sauti kwa njia hiyohiyo ya mawimbi, aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Yamaha wakanunua haki ya kuitumia. Siku moja alinikuta nina kadi mbili mezani, moja ya OPL3 halisi na nyingine yenye chipu ya kuigiza. Sikumwambia kitu. Nilimpigia muziki wa mchezo mmoja kwa zamu, kadi ya kwanza kisha ya pili. Alisikiza, akanitaka nirudie, kisha akasema, "Mwanangu, hii ya kwanza ni kinanda. Hii ya pili yalia kwa pua." Hakujua ni kadi ipi iliyokuwa ikilia. Tangu siku hiyo, nikiwa na shaka na kadi, humngoja yeye.

Basi hayo ndiyo ninayowashauri, kwa mpangilio wa moyo wangu. Kwa anayeanza, nunua kadi ya YMF718 au YMF719. Hakuna anayeigombania kwa jina, ina OPL3 ya kweli, inaelewana na Sound Blaster Pro, na sauti yake ni safi. Kwangu hakuna kadi inayokupa zaidi ya hiyo kwa pesa kidogo. Moja nilipata kwa shilingi 300. Ya pili ni ESS yenye chipu ES1868 au ES1869. Muziki wake ni wa kuiga, lakini umeigwa kwa uangalifu, na haina kelele. Sound Blaster 16 ya mwaka 1992 ni nzuri, ila ujue mambo mawili: matoleo ya baadaye yaliacha chipu ya Yamaha na kutumia mtambo wa Creative wenyewe unaoitwa CQM, na tena, mchezo ulioandikiwa stereo ya Sound Blaster Pro utasikika kwa mono juu yake. AWE32 na Gravis UltraSound ni za mtu mwenye kadi nyingine tayari. Hiyo Gravis, ubao wake mwekundu ukiuona huusahau, hucheza ala zilizorekodiwa kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe na kwa michezo iliyoandikiwa ni tamu sana, lakini si kadi ya kwanza ya mtu.

Usiichomeke bado. Kadi iliyokaa Mombasa miaka 20 imepigwa na hewa ya chumvi, hasa ikiwa ilikaa nyumba ya karibu na bahari, kama Nyali au Mji wa Kale. Tazama miguu ya chipu kwa kioo cha kukuzia. Ukiona unga mweupe au kijani, hiyo ni chumvi iliyokwisha kuanza kula shaba, na ukiwasha umeme katika hali hiyo unaweza kuunganisha miguu miwili isiyotakiwa kukutana. Mimi niliipoteza kadi nzuri kwa haraka ya namna hiyo. Nilitaka kusikia tu kama inalia.

Tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Chukua mswaki laini, sugua polepole kufuata upande wa miguu, sio kukata. Meno ya dhahabu yafute kwa raba laini ya shule kisha uyapanguse kwa spiriti. Acha kadi kivulini penye upepo, siku nzima kama ni msimu wa kusi. Kibati cha mgongoni huwa na kutu. Kitoe kwa bisibisi, kisugue pembeni, usikisugulie hapo kwenye kadi ukamwagia chipu unga wa chuma. Na ukishafungua kompyuta yenyewe ya 386 au 486, tazama kama ubao mkuu una betri ya pipa, ile ndogo ya bluu au kijani iliyochomelewa kwa risasi. Ikate leo. Ikivuja hula nyaya za ubao hadi kwenye sloti, na kadi yako itapata lawama isiyo yake. Penye uvujaji pake siki kwa pamba, kisha spiriti.

Tuingie kwenye kuitumia. Kadi za zamani zaidi zina jampa, vile vifuniko vidogo vya plastiki juu ya pini, na maana ya kila jampa mara nyingi imechapwa hapo hapo ubaoni. Kadi isiyo na jampa hizo kwa kawaida hulala usingizi ndani ya DOS mpaka programu iiamshe. Kwa nyingi za hizo, ziwe za ESS, Yamaha au Creative, mimi hutumia programu moja ndogo iitwayo UNISOUND. Halafu weka mstari huu katika AUTOEXEC.BAT, faili ambalo DOS hulisoma kila inapowaka:

SET BLASTER=A220 I5 D1 T4

A ni anwani ya kadi, I ni namba ya IRQ, yaani ishara ambayo kadi huiita prosesa nayo, D ni njia ya DMA, na T ni aina ya kadi: 4 kwa Sound Blaster Pro 2, 6 kwa Sound Blaster 16. Michezo mingi husoma mstari huu, na mingine, kama Doom ya 1993, hukuuliza yenyewe kwenye programu yake ya SETUP.

Hapa kuna jambo lililoniokolea saa nyingi. Muziki wa Yamaha hupitia anwani 388 na hauhitaji IRQ wala DMA. Kwa hiyo ukisikia muziki lakini milio ya bunduki na sauti za watu hazipo, usiitupe kadi; kadi ni nzima, namba za I au D ndizo zilizokosewa. Ukisikia mlio mmoja unajirudia rudia au mchezo unaganda mara tu sauti inapoanza, shuku IRQ. Michezo kadhaa ya mwanzo wa miaka ya 1990 ilidhani kila kadi iko IRQ 7, namba ambayo pia ni ya tundu la printa. Ihamishie kadi huko na uzime tundu la printa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mkuu inayofunguliwa kompyuta inapowaka, kama vitagombana. Na mchezo wa zamani sana ukikataa kuiona AdLib kwenye Pentium yenye kasi, zima kache ya prosesa, kumbukumbu yake ya haraka, kwenye BIOS. Mchezo ulikuwa unauliza na kusubiri jibu kwa hesabu ya kompyuta za polepole.

Ukisikia mvumo au mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya, kwanza nyamazisha maikrofoni na LINE IN kwenye programu ya kurekebisha sauti. Kisha isogeze kadi mbali na kadi ya picha. Halafu tafuta jozi ya jampa karibu na tundu la spika: kadi nyingi za ISA hupitisha sauti kwenye kikuza sauti kidogo kilichomo ubaoni, mara nyingi chipu ya TEA2025, na kikuza hicho ndicho chenye kelele. Zihamishe jampa upande wa LINE OUT, utumie spika zenye kikuza chake. Mchezo wenye muziki ndani ya CD utahitaji pia ule waya mwembamba wa pini 4 kutoka kwenye kisomaji cha CD hadi kwenye kadi. Wengi husahau wakadhani diski imeharibika.

Ukimaliza na kadi ya akiba, usiirudishe kwenye rafu wazi. Mimi huweka kila moja ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha kwenye kopo la plastiki la kuhifadhia chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Masika yakikaribia nabadilisha vifuko, na juu ya kopo nabandika karatasi: namba ya chipu, mahali jampa zilipo, na tarehe niliyoisikia ikilia mara ya mwisho.