Kivuli cha saa sita: maswali yenu kuhusu upagani usio na miungu

Meseji zenu nimezisoma zote jamani, zingine zinafanana kwa hiyo nimechukua chache, na majibu hayatalingana urefu maana kuna maswali mengine yanataka nikae chini kabisa.

Dada, kama hamna Mungu wala miungu, kwenye ibada mnamwomba nani?

Hatumwombi yeyote. Wapagani wengi wana miungu yao na ni wenzetu kabisa, ila tupo pia ambao tukiangalia jua, maji, udongo na viumbe tunaona hivyo vyenyewe vinatosha kuheshimiwa. Kuna Mmarekani, Mark Green, yeye njia yake anaiita uatheopagani, yaani upagani wa wasioamini Mungu, na anataja vitu vinne kuwa vitakatifu: uhai, upendo, uzuri na ukweli. Mi nikisema asante kwa mvua najua fika mvua hainisikii, lakini nikishalitamka hilo neno kwa sauti natulia, nasimama dirishani dakika tano naangalia inavyonyesha, na hizo dakika tano ndo ibada yangu.

Nimesoma kuna sikukuu nane kwa mwaka, sasa mi nipo karibu na ikweta, hakuna theluji wala majani kupukutika, nafanyaje?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Kwanza ujue hiyo kalenda ya sikukuu nane kama ilivyo leo sio ya zama za kale, ilipangwa Uingereza miaka ya 1950, na wanaotajwa sana hapo ni Gerald Gardner na Ross Nichols, viongozi wa upagani wa kisasa huko. Nne ni za jua: Machi na Septemba pale mchana na usiku vinapokaribia kulingana, Juni na Disemba pale mchana unapokuwa mrefu au mfupi kuliko siku zote. Nne zinakaa katikati yake, yaani Imbolc mwanzoni mwa Februari, Beltane tarehe 1 Mei, Lughnasadh tarehe 1 Agosti, na Samhain usiku wa 31 Oktoba, na majina hayo yametoka Ireland kwa watu walioishi kwa mifugo na mavuno yao. Wapagani wa kusini mwa dunia wengi wameigeuza, sikukuu ya usiku mrefu wanaifanya Juni, na hakuna aliyewakataza.

Mwaka wangu wa kwanza nilifuata tarehe kama zilivyoandikwa, nikawasha mshumaa wa kuliita jua lirudi wakati nje jua linachoma, na sikuhisi chochote. Nikaacha kusoma tarehe nikaanza kutoka nje.

Wewe wa ikweta mchana wako ni kama saa 12 na dakika 7 mwaka mzima, sawa, ila jua lenyewe linahama, na linahama sana. Dunia imeinama nyuzi 23.4, kwa hiyo kwako Juni jua linachomoza upande wa kaskazini ya mashariki, Disemba linachomoza upande wa kusini. Simama sehemu ileile kila asubuhi ya Jumapili, chagua mti au pembe ya jengo iwe alama yako, wiki chache tu utaona limesogea. Halafu chomeka kijiti wima chini, angalia kivuli chake pale jua linapofika juu kabisa (saa ya ukutani hupishana kidogo na jua, usiitegemee sana). Juni kivuli kinalala kusini, Disemba kinalala kaskazini, na karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba kinapotea chini ya kijiti. Ukiwa mbali kidogo na ikweta lakini bado ndani ya tropiki, yaani ukanda wa joto, kitapotea pia mara mbili kwa mwaka ila kwa tarehe zako wewe, na hizo tarehe usizisome popote, zitafute mwenyewe, siku ukizipata ndo sikukuu zako za jua.

Zilizobaki zisubiri zitokee. Mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu, ile harufu ya udongo, kumbikumbi kuruka, mti fulani kutoa maua, ndege fulani kurudi. Andika kwenye daftari tarehe uliyoona, mwaka wa tatu utakuwa na kalenda ambayo hakuna mwingine anayo.

Kwani huu si uchawi?

Hapana mdogo wangu. Neno lenyewe limetokana na paganus ya Kilatini, mtu wa kijijini. Hatumlogi mtu na hatuna dawa ya mapenzi, anayekuuzia hivyo kwa jina la upagani wetu mkimbie.

Nakaa chumba kimoja, sina bustani, naanzia wapi?

Kona ya meza inatosha, weka jiwe, jani, kikombe cha maji na mshumaa (usilale ukauacha unawaka), halafu badilisha vitu kadiri nje kunavyobadilika. Na mwezi unauona hata ukiwa ghorofani, mzunguko wake kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi. Anza na usiku wa mwezi mpevu, zima taa, zima simu, angalia tu.

Nimefiwa na mama mwezi uliopita. Kama hakuna mbinguni nashika nini?

Pole sana, pole mno. Sitakwambia mtaonana maana siamini hivyo na hustahili kudanganywa. Ninachojua ni kwamba kalsiamu ya mifupa yake na chuma cha damu yake vilipikwa ndani ya nyota kabla dunia haijawepo, na hidrojeni ya maji ya mwili wake inakaribia umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, na hakuna hata kimoja kilichopotea. Mi siku ya kukumbuka wangu naweka picha, nawasha mshumaa, nataja jina kwa sauti, nasimulia kitu kimoja alichonifundisha, nalia kama kilio kipo. Haiondoi uchungu, inaupa mahali pa kukaa. Ila kama hulali na huli wiki kwa wiki, tafuta daktari au mshauri, ibada sio badala ya huyo.

Mume wangu ni mtu wa dini, atanielewa?

Mwambie mapema kabla hajakukuta na mshumaa gizani akafikiria mengine. Usimvute kwako, mwalike tu kuangalia machweo, hilo halina dhehebu.

Tukienda porini tuache sadaka gani?

Usiache kitu, wala riboni wala nta wala chakula, wanyama wanaumwa. Ukitaka kutoa, nenda na mfuko uokote plastiki ulizokuta pale, au mwagia maji mche ulionyauka.